Maji Mbele, Maji Nyuma

Rafiki yangu Katunge si mtu wa kutunga mambo. Mwezi wa nne alitoka Machakos mjini kumpelekea mama mkwe wake dawa za presha, peke yake garini, tairi la akiba na tochi vikiwa tayari. Mvua ilimkuta njiani, na saa kumi jioni ikawa giza kama usiku. Alipofika kwenye kijito, maji yalikuwa yamefunika barabara. Akageuza gari arudi, kumbe na huko nyuma yameshafunika. Akafunga milango yote na kumpigia simu mumewe, Rodgers.

"Mama Mwelu, usijaribu kuvuka, na usitoke nje ya gari," Rodgers akamwambia. "Nakuja na trekta."

Simu ikakatika. Katunge akabaki akisikiliza maji yakikwaruza milango, asiuone hata usukani ulio mbele yake.

Ndipo akasikia, nyuma yake, mkanda wa usalama ukivutwa taratibu. Kisha: klik.

Akawasha tochi, akageuka. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Lakini mkanda ulikuwa umefungwa, nao ulikuwa ukipanda na kushuka polepole, kama uliolala juu ya kifua cha mtu anayepumua.