Aliyeitika "Nipo"

Taa ya kijani iliwaka mbele ya jina la Fikirini saa nne asubuhi, na Fikirini huyo alikuwa amezikwa kijijini kwao Mnyambe siku kumi na mbili nyuma.

Bibiana, mchumba wake, aliitazama taa hiyo. Ofisi yao pale Masasi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Yeye, Salmini na marehemu ndio waliotengeneza Kibaraza, mfumo wa mtandaoni ambamo wafanyakazi wa zahanati na vyama vya wakulima hupeana taarifa na kugawana kazi. Kila asubuhi Kibaraza huita majina. Ukijibu "nipo", taa yako inawaka.

Sasa kosa lilikuwa hapo. Kwa ukoo wa kina Fikirini, jina la marehemu haliitwi mpaka arobaini, siku ambayo mtoto hupewa jina hilo alirithi. Bibiana alilijua hilo vizuri sana. Lakini kufiwa si mchezo, jamani. Alishindwa kulifuta kwenye Kibaraza, akaliacha liitwe.

"Salmini, ni wewe umeingia kwa jina lake?"

"Mimi? Niingie nitafute nini?" Salmini alisogeza kiti nyuma. "Unasikia harufu hiyo?"

Ilikuwa harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, na nje hapakuwa na moshi.

Kesho yake Salmini hakuja. Bibiana alikuja, akaliandikia lile jina kwenye Kibaraza, akajibiwa, na harufu ikazidi, na vitufe vya kompyuta ya Fikirini, iliyokuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa, vikawa vinabonyea kimoja kimoja chini ya kitambaa kila jibu lilipokuwa linakuja, naye machozi yanamtoka, na bado anaandika, kwa sababu huyo aliyemjibu alikuwa na upole uleule wa Fikirini. Siku ya tatu akaulizwa: "Utaningoja?" Akaandika: "Nitakungoja."

Tangu hapo akawa hali, halali, nguo zikampwaya. Salmini ndiye aliyepiga simu Mnyambe.

Mama Fikirini alifika na bakuli la unga wa mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo umekwisha hivi?" Akaiangalia ile taa. "Huyo si Fikirini. Fikirini amelala. Wewe umeita, akaja jini aliyesikia. Umemwahidi nini?"

Bibiana alimwambia, kwa sauti ya chini.

"Basi ivunje ahadi hiyo, la sivyo tutakuzika na wewe."

Akanyunyiza unga mlangoni, akiwataja wazee wa ukoo kwa Kimakonde. Bibiana akaandika, vidole vinamkataa: "Sikungoji tena. Nenda."

Vitufe vikatulia. Kisha vikabonyea taratibu, na maneno yakatokea:

"Sawa. Mwambie mama aende hospitali kwa ule uvimbe wa titi. Alinikataza nisimwambie mtu."

Taa ikazimika. Harufu ikaondoka.

Mama Fikirini alijishika titi la kushoto juu ya kanga, akaketi sakafuni.

"Nilimwambia yeye tu, kabla hajafa," akasema. "Mwite, Bibiana. Alikuwa mwanangu kweli, mwite tena."

Bibiana aliita mpaka jua likazama. Hakuna aliyejibu.