Nyundo Iliyotangulia Goli

Saa 11:20 jioni. Katika chumba cha nyuma cha gereji moja ya Ngarenaro, Twahir alikuwa ameuchora mpango juu ya boksi la vipuri, naye alijiona mtu mwenye akili. Hisia hiyo ilimjia mara nyingi, na kila mara bila sababu.

Mpango ulikuwa huu. Siku za mechi, Meitamei, dalali wa tanzanaiti, alikula mbuzi choma na wenzake katika baa ya Mama Evelyn. Mkoba wake wa mawe alimkabidhi mama huyo aufungie stoo. Stoo ilikuwa uani. Kufuli lilikuwa moja. Nyundo kubwa ingelivunja kwa pigo moja, lakini pigo hilo lingesikika mpaka barabarani.

"Timu ya taifa ikifunga, baa nzima itapiga kelele," alisema Twahir. "Nani atasikia nyundo?"

"Basi nisubiri kelele," alisema Koikai. Yeye ndiye mwenye nyundo: mabega mapana, maneno machache, na kifungo cha nje ambacho hakijaisha. Akikamatwa tena, angekwenda ndani miaka saba.

"Ukizisubiri umechelewa, chalii wangu. Luqman atakuwa nawe uani na redio. Mtangazaji akisema goli, unashusha."

Luqman alikuwa fundi wa madishi. Alinyanyua kidole. "Bro, redio na dishi havi..."

"Nani kakuuliza? Wewe shika redio. Kufikiri nitafikiri mimi."

Koikai akacheka. Luqman alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akakishusha kidole. 

Saa 2:15 usiku. Twahir aliingia baa peke yake, kwa madai ya kulinda ndani. Ulinzi wenyewe ulihitaji mishikaki sita na ndizi za kuchoma.

"Shikamoo, Mama Evelyn."

"Marahaba, mwanangu. Umenyoa! Unaoa au unatoroka?"

Meza zote zikacheka. Twahir akacheka kuliko wote, kama wafanyavyo waoga.

Saa 2:58. Uani kulikuwa giza. Koikai alikuwa ameivuta kofia ya sufu mpaka kidevuni, akaiachia matundu mawili ya macho. Redio ilikuwa sikioni mwa Luqman. Mtangazaji alipaza sauti, akaikaza, kisha akapiga ukelele mrefu.

Luqman akamgusa Koikai bega.

Nyundo ikashuka. Kufuli likapasuka kwa kishindo kilichoamsha mbwa wa mtaa mzima. Baada ya kishindo, kimya. Hakuna aliyeshangilia. Kwenye skrini ya baa, mshambuliaji alikuwa bado anautafuta mpira.

"Mbona kimya?" Koikai alinong'ona.

"Picha ya dishi huchelewa," alisema Luqman kwa upole. "Redio inaitangulia sekunde saba hivi. Nilitaka kusema, mkanicheka."

Akaruka ukuta pamoja na redio, akashika njia ya Elerai.

Saa 2:59. Watu themanini walikuwa wameupa mgongo mchezo. Mchoma nyama alisimama mlangoni mwa stoo na kisu chake, na Koikai alikuwa ndani, mkoba mkononi. Goli lilikuwa limeshaingia kwenye skrini nyuma yao. Hakuna aliyeliona, na kosa hilo watu wa baa ile walilihesabu kuwa kubwa kuliko wizi.

Twahir angeweza kukaa kimya. Angeweza kuondoka. Akachagua kuwa shujaa. Aliwapangua watu kwa viwiko, akafika mbele, akampiga Koikai kofi la kisogoni.

"Mwizi! Huna aibu? Koikai, weka mkoba wa watu chini!"

Mkoba ukawekwa chini. Meitamei akaunyakua, akaukumbatia kama mtoto.

Mama Evelyn aliwasha tochi. Akammulika mwizi, kofia ikiwa bado imemfunika uso mzima. Kisha akaigeuza tochi, polepole, mpaka ikatua kwenye kichwa kilichonyolewa.

"Twahir, mwanangu. Huyu hata pua haionekani. Jina umelitoa wapi?"

 

Koikai aliivua kofia mwenyewe. Miaka saba ilikuwa tayari imemkaa usoni. Aliketi juu ya kreti la chupa tupu, kisha akasogea kidogo, akabakiza nafasi ya mtu mmoja.

"Keti, bosi," alisema. "Gari la polisi likija tunapanda wote."

Mchoma nyama akaonyesha kreti kwa ncha ya kisu. Twahir akaketi.