Ghorofa Isiyo na Jiko

Maneno yale niliyasikia kwenye foleni ya mkate hapa mjini kwetu Mahalla: eti Hajati Inshirah, mama yake Wael, ana funguo za milango ya wake wote wa wanawe, anazining'iniza kiunoni kama askari wa gereza. Wael ndiye aliyemchumbia binti yangu Nermin. Nilijifanya sijasikia, lakini hayakunitoka kichwani.

Nermin alitaka fleti ya kupanga, hata ya chumba kimoja. Wael aling'ang'ania nyumba ya kwao: mama chini, kaka katikati, yeye ghorofa ya juu.

— Fleti ni za watu wasio na kwao, alimwambia kwenye simu. Kwetu utakuwa malkia.

— Nitakuwa na mlango wangu?

— Utakuwa na kila kitu, mpenzi.

Mtoto akaridhika. Kila tulipoomba kwenda kuiona hiyo ghorofa, tuliambiwa rangi haijakauka. Rangi gani hiyo ya kukauka miezi?

Wiki ya harusi tukapeleka vyombo, kama ada yetu. Tulipofika juu, Hajati alishafungua mlango, amekaa kwenye kochi letu jipya lililotangulia na wapagazi, viatu mguuni. Nikapita chumba hadi chumba.

— Wael, jiko liko wapi?

Akakohoa.

— Hapo, mama mkwe.

Hapo palikuwa na kichumba kimejaa vitunguu vya mama yake. Hakuna sinki wala bomba la gesi.

Hajati akacheka.

— Jiko la nini? Sisi tunapika chini. Wake za wanangu wanashuka asubuhi, wanapanda wakishaosha vyombo.

— Na binti yangu akitamani chai?

— Atashuka. Si ana miguu?

Mke wa kaka mtu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Nermin akamtazama yule mwanamke, kisha akamgeukia Wael.

— Ulijua?

— Nilitaka nikueleze baada ya harusi.

— Baada ya harusi ningekuwa nimeshashuka.

— Sasa Nermin, yule ni mama. Nimwambie nini?

— Ndevu zote hizo, Wael, bado unauliza umwambie nini mama?

Akainamisha kichwa, anachezea vishungi vya pazia. Pazia nililolishona mimi.

Hajati alishateremka zake. Mara tukasikia sauti yake kutoka barabarani, kwa muuza mboga:

— Wewe bibi harusi! Shusha kikapu nikupandishie mlenda, uanze kuuchambua.

Nermin akatoka roshani, palipokuwa na kikapu kilichofungwa kamba, kama vya majirani wote vya kupandishia bidhaa. Akavua pete, akavua bangili, dhahabu yote aliyovishwa siku ya uchumba. Akaiweka ndani na kuishusha polepole, muuza mboga akitazama.

— Pokea, Hajati. Ni vyenu hivyo. Mlenda atauchambua mwanao.

Hajati akaitoa dhahabu kikapuni, akaihesabu.

Jioni Wael akatuma ujumbe: "Rudi mpenzi, nitaongea na mama."

Nermin akamjibu: "Ongea naye kwanza. Ukimaliza, tafuta fleti."

Mpaka leo anaongea naye. Mwanangu alilia, sitadanganya, alilia hadi macho yakavimba. Lakini alilia kwetu, na chai alijipikia mwenyewe saa aliyoitaka.

Wenzangu wenye mabinti, haya myaepuke:

Kununua vyombo kabla hujaiona nyumba.

Rangi isiyokauka.

Ghorofa ambayo jiko lake liko kwa mtu mwingine.

Funguo za mwanao kiunoni mwa mama mkwe.

Mwanaume wa "nitakueleza baada ya harusi".

Na kuwaachia sufuria zenu. Mimi niliteremsha zote, na mifuniko yake.