Mashine ya Kusagia Kahawa ya Mama

"Toa hiyo kitu hapa! Watu wamepanga laini na mahindi yao, wewe unaniletea nini?"

"Ni kusaga tu, Baba Nerima! Kwani mashine yako inachagua?"

"Haichagui. Mimi ndio nachagua. Nikisaga kahawa hapa, leo mtaa wote wa Kaptembwo utakula ugali mweusi!"

Watu waliokuwa kwenye laini wakacheka. Jelagat hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kila Jumamosi asubuhi alileta mahindi hapa kwa Wamalwa, mwenye mashine ya posho, ambaye watoto walimwita Baba Nerima. Leo alikuwa amebeba mfuko mdogo wa kahawa iliyokaangwa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hebu ngoja," Wamalwa akasema, sauti ikishuka. "Kwenu mnakunywa chai. Hii kahawa ni ya nani?"

"Ya mama."

Wamalwa akazima mashine. Mtaa mzima ulijua mama ya Jelagat yuko Doha, anatengeneza kahawa hotelini, mwaka wa tatu sasa. Jumamosi iliyofuata angekuja nyumbani, wiki mbili tu, halafu arudi. Mashine yake ndogo ya espreso, ya kutolea kahawa nzito, alikuwa ameituma mbele, na ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Siku zingine Jelagat aliinua kile kitambaa akanusa, pengine kuna harufu ya mama. Hakukuwa nayo. Kulikuwa na harufu ya chuma tu.

Kilichobaki ni mashine ya kusagia, na kazi ya kuichagua Mama alimpa Jelagat kwa simu. "Usichukue ya visu. Chukua ya meno, ile unaweza kukaza na kulegeza kidogo kidogo. Nikifika, kikombe cha kwanza nataka unipe wewe."

Jana yake Jelagat na baba yake walikuwa wameenda duka moja hapo mjini. Ya meno ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, nzito, sura mbaya. Ya visu ilikuwa nyekundu, ya stima, inamaliza kazi kabla hujahesabu ishirini. Baba hakujua mambo ya kahawa. "Wewe ndiye uliambiwa," akasema. Jelagat akachukua ile nyekundu.

Jioni Mama akapiga simu. "Ulipata ya meno?" Alikuwa na furaha mpaka Jelagat akaogopa kumharibia.

"Nilipata, mama. Na nimejaribu. Inatoka poa sana."

Mama akacheka, na Jelagat akalala na kile kicheko masikioni.

Asubuhi hii ndio akajaribu kweli, kwa ile espreso ya Mama. Kahawa ikatoka mbio, sekunde sita imeisha, maji ya kahawia machungu kama dawa. Akasaga tena kwa muda mrefu zaidi, ikaanza kunuka kuungua. Ndio akakimbilia kwa Wamalwa, na sasa akamsimulia vile ile nyekundu ya visu ilimharibia kahawa.

"Uko na ile ulisaga nyumbani?" Wamalwa akauliza. Jelagat akatoa mkebe. Mzee akafinya kahawa kati ya vidole, vile alivyopima unga kila siku. "Shika hapa. Unasikia? Ingine ni mchanga, ingine ni vumbi. Visu vinakatakata tu ovyo. Sasa maji yanapita pale penye nafasi, hayashiki kahawa vizuri. Meno yanasaga yote sawa. Hata hii yangu nikiilegeza kidogo tu, mama zenu wananirudishia unga na matusi juu. Kwani mama yako hakukuambia?"

"Aliniambia." Jelagat akaangalia chini. "Na mimi nikamwambia nimenunua ya meno."

Wamalwa akamrudishia mkebe wake. "Hiyo sasa mimi siwezi kukusagia. Enda umpigie simu."

Akampigia, kwa simu ya baba, akamwambia ukweli wote. Huko hotelini vikombe vilikuwa vikigongana nyuma ya Mama.

"Kwa nini, Jelagat?"

"Ulikuwa unafurahi. Nilitaka uendelee kufurahi."

Mama akapumua. "Rudisheni hiyo, mchukue ya meno. Na ukikosea, uniambie umekosea. Sawa?"

Mwenye duka akanung'unika, lakini akawabadilishia. Tangu siku hiyo Jelagat alizungusha mkono wa ile mashine nyeusi mpaka mabega yakauma, na kila jioni akampigia Mama.

"Mama, leo sekunde kumi na nne. Maji tu."

"Kaza mara mbili. Tunataka kati ya ishirini na tano na thelathini."

"Leo hamsini! Inadondoka kama mfereji mbovu."

"Umepita. Legeza moja."

Ijumaa ikatoka kwa sekunde ishirini na saba, nzito, na povu la rangi ya asali juu.

Jumamosi Mama akafika, amekonda, ana harufu mpya ya sabuni ya kigeni. Akaketi kabla hata ya kuvua viatu. Jelagat akampa kikombe kwa mikono miwili. Mama akanywa, akafumba macho. "Hii ndiyo yenyewe," akasema.

Wiki mbili zikaisha mbio. Kwenye steji ya basi za Nairobi, Jelagat akashika mkanda wa begi la mama yake.

"Utarudi Krismasi?"

Mama akafungua mdomo, na Jelagat akaona jibu tamu likija. Halafu Mama akalimeza.

"Hapana. Mkataba ni miaka miwili tena. Ningekuambia Krismasi ungefurahi leo, lakini ungeingoja hiyo Krismasi, na mimi sitakuja. Kahawa mbaya unamwaga, unasaga ingine. Mimi nikikudanganya, kesho utaniamini vipi? Na wewe usinifiche kitu ati ndio nifurahi. Nikiwa huko, yale mnaniambia kwa simu ndio kitu pekee niko nacho cha hapa nyumbani. Niambie ya kweli, hata kama ni mbaya."

Jelagat akaitikia kwa kichwa. Vidole vyake vikaachilia mkanda kimoja kimoja. Mama akamshika shavu, akageuka, akaenda.