Kofia ya Trafiki

Msimu wa korosho stendi ya Nachingwea haina adabu. Magunia yamelala njiani, wapiga debe wanavuta abiria mikono, na vumbi linaingia hadi ndani ya kikombe cha chai. Asubuhi hiyo katikati ya vurugu alisimama Hajra, fundi cherehani, gauni la kitenge cha kijani limemkaa mwilini, mtandio mweupe kichwani, mfuko mkubwa begani. Ndani ya mfuko mlikuwa na shela na gauni la bibi harusi wa Ruangwa, na basi lilikuwa limeshamwacha.

"Ruangwa, sista? Panda twende, nakufikisha chapati haijapoa."

Huyo alikuwa Huzaifa. Koti zito amelivaa kinyumenyume kukinga upepo, kandambili miguuni, meno meupe, tabasamu la kukopesha. Kijana mzuri, tusimnyime haki yake. Na helmeti alikuwa nayo. Aliitundika kwenye kioo cha pikipiki.

"Hicho kioo kina ubongo?" Hajra akamuuliza.

"Eti?"

"Nakuuliza, kaka. Naona umekivalisha helmeti, wewe mwenyewe uko kichwa wazi."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Silvanus, yule mrefu, rafiki yake Huzaifa tangu wakichunga mbuzi Ruponda, akapiga honi kumshangilia dada.

"Joto hili, sista! Nikikaribia trafiki naivaa."

"Trafiki ndiye aliyekuzaa?"

Hajra akafungua mfuko, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua. Helmeti nyekundu, yake mwenyewe. Vijana wakashika mbavu.

"Dada, unakwenda vitani?"

"Nakwenda Ruangwa na nyinyi. Vita afadhali." Akamgeukia Huzaifa. "Unavaa, au nimpe hela Silvanus wako?"

Huzaifa akavaa. Njia nzima hadi Ruangwa alikuwa akijichekea humo ndani ya kofia. Walipofika, gauni halikuwa na hata tone la vumbi, na yeye alikuwa amekwisha kupenda.

Jioni simu ya Hajra ikalia.

"Nani?"

"Kioo."

"Kioo gani?"

"Kile ulichokitukana leo. Kinauliza hali ya fundi."

Hajra alijitahidi asicheke, akashindwa. Tangu siku hiyo simu zikawa haziishi. Asubuhi "laazizi umeamkaje," mchana "kipenzi umekula," na Hajra akikata kitambaa huku simu ameibana kati ya sikio na bega hadi wateja wakaanza kulalamika kwamba mikono ya magauni yao haifanani.

"Hivi wewe," Huzaifa akamuuliza siku moja, "hizo hasira zako za helmeti unazitoa wapi?"

"Njoo nyumbani uzione," akamwambia.

Hasira zenyewe zilikuwa zinakaa barazani, kwenye kiti cha plastiki. Zinaitwa Masoudi. Kaka yake Hajra, enzi zake dereva wa bodaboda ambaye wanawake wajawazito walikuwa wakimsubiri yeye tu. Alianguka karibu na Naipingo kwa ajili ya mbuzi aliyekatiza barabara. Helmeti alikuwa ameivaa kwenye kiwiko, kama wavaavyo wanaume wa Nachingwea, na kiwiko hakikupata hata mkwaruzo. Sasa mtu mzima na ndevu zake anamwita dada yake "mama," analishwa uji kwa kijiko, na kila pikipiki ikipita anauliza, "Yangu iko wapi?"

"Nimeshamlisha uji mwanamume mmoja," Hajra alimwambia Huzaifa. "Wa pili simwezi. Nasema kabisa, wa pili simwezi. Kama unanitaka, nitunzie hicho kichwa."

"Wallahi, Hajra. Mbona navaa? Siku hizi hata kwenda chooni navaa."

Na kweli alikuwa akivaa. Mama yao, Bi Saada, akampenda huyo kijana mwenye adabu, anayevua viatu mlangoni na kuweka helmeti juu ya mkeka kwa heshima. Kila akija alikaa pembeni ya Masoudi, akamsimulia habari za barabarani, na Masoudi akacheka. Hajra akaanza kushona kanga zake mwenyewe pembeni, za kwendea kwa mume, akazificha chini ya cherehani.

Sasa siku moja Masoudi akaichukua ile helmeti pale mkekani. Akaigeuza. Akaingiza mkono, ukazama wote. Akautoa, akauingiza tena, akaanza kucheka kitoto.

"Mama," alimwambia Hajra, "hii tupu."

Hajra akaipokea. Lile povu gumu jeupe la ndani, kama lile la kwenye maboksi ya televisheni, halikuwapo. Lilikuwa limechokonolewa lote kwa kisu. Limebaki ganda, na kitambaa kimegandishwa kwa gundi ili mtu asione. Jamani! Hata bakuli la maharage lilikuwa na faida kuliko kofia ile.

"Hii nini, Huzaifa?"

"Ah, Hajra... ile ya ndani inachemsha kichwa. Kijiweni wote tumeichokonoa. Inakuwa nyepesi, unaivaa haraka, unaivua haraka. Trafiki hawezi kujua."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Nakuuliza, na mimi! Kumbe ulikuwa unanivalia mimi kama unavyomvalia trafiki! Unaingia kwangu, unakula kwangu, unakaa na kaka yangu na hiki kifuu kichwani, unanicheka!"

"Sikukucheka, mpenzi. Ajali haina kinga. Siku ikifika imefika, hata uvae sufuria ya chuma."

Hapo ndipo alipoharibu. Bi Saada mwenyewe alishika kichwa.

"Siku ikifika?" Hajra alisimama. "Mbona trafiki akifika unaivaa? Unamwogopa trafiki kuliko unavyomwogopa Mungu? Mungu kakupa kichwa, umekifungia ndani ya debe, halafu unamsingizia! Mtazame huyu. Mtazame! Mungu ndiye aliyemwambia avae helmeti kiwikoni?"

"Usinipigie kelele mbele ya watu."

"Nitapiga hadi kijiji cha Kiegei wasikie!"

Huzaifa naye akapandwa. "Sema tu umempata mwenye gari. Unadhani sioni Eustace anavyoleta suruali zake kupunguzwa kila wiki? Mtu gani anakonda kiasi hicho?"

Eustace mnunuzi wa korosho kweli alikuwa akikonda, kwa kisukari, masikini ya Mungu. Hajra alimrushia Huzaifa ganda lake kifuani. "Toka."

Huzaifa akatoka, na kwa kisirani akahamia kijiwe cha Ruangwa. Alipiga simu, Hajra hakupokea. Akatuma ujumbe, "Salimia gari," Hajra akaufuta. Akatuma mwingine, "Nimekumiss kipenzi," huo hakuufuta, lakini pia hakuujibu. Zile kanga alizokuwa akizishona akazitupa chini kabisa ya sanduku. Sindano ya cherehani ilivunjika mara nyingi kipindi hicho, na Bi Saada alikuwa akiokota vipande.

Ijumaa moja mchana simu ikalia. Namba ya Huzaifa. Kidole cha Hajra, sijui kilikuwa na nini siku hiyo, kikapokea.

"Halo? Samahani, dada." Sauti ngeni. "Simu tumeikuta imebanwa kwenye usukani wa pikipiki. Namba yako imeandikwa 'Mke Wangu.' Mwenye pikipiki amegongana na lori la korosho hapa Ruangwa. Tumempeleka hospitali. Njoo, dada. Njoo upesi."

Hajra hakulia. Njiani, ndani ya basi, watu walimwona anatukana peke yake wakasogea. Alimtukana Huzaifa, akamtukana dereva wa lori, akamtukana aliyevumbua kisu. "Mke Wangu! Mke wa nani? Mtu hujaniposa, unanifanya mjane?"

Uwanjani pa hospitali akamwona. Amekaa chini amejiegemeza ukutani, kanzu ya Ijumaa imelowa damu kifuani. Macho yake yalikuwa wazi na kichwa kilikuwa kizima.

Akamzaba kofi. La nguvu, watu wakageuka. Kisha akapiga magoti vumbini, akakishika kichwa kile kwa mikono miwili, akakipapasa chote, utosi, kisogo, masikio, kama anayekagua papai sokoni.

"Ni Silvanus," Huzaifa akasema.

"Silvanus gani?"

"Silvanus wetu. Alikuja kunitembelea. Nilikwenda msikitini, nikamwachia pikipiki na simu awe deiwaka wangu, ashike zamu yangu, apate ya nauli. Akauliza helmeti iko wapi, trafiki wako njia panda. Nikampa. Mimi ndiye niliyempa, Hajra, kwa mkono huu. Aliivaa na mkanda akafunga. Ilipasuka kama ganda la yai. Kishindo nilikisikia msikitini, nikatoka mbio, nimembeba mwenyewe. Amekufa mikononi mwangu akiniuliza kama pikipiki imeumia."

Hajra alitaka kusema, "Si nilikwambia?" Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alilimeza, akaketi pembeni yake vumbini na kitenge chake kizuri, wakakaa hivyo hadi ndugu walipokuja kuuchukua mwili.

Mazishi yalikuwa Ruponda. Mnajua madereva wa bodaboda wanavyomzika mwenzao. Walikuja wote wa Nachingwea na Ruangwa, pikipiki zimefungwa matawi ya miti, honi zinalia, wengine wamesimama juu ya viti, wengine wanainua tairi la mbele, jeneza liko kwenye gari katikati yao. Na vichwa wazi! Wote! Wanamsindikiza mtu aliyekufa kwa kichwa, na vichwa vyao viko juani kama maboga.

Hajra alikuwa amesimama kando ya barabara na wanawake. Alipoona hayo, alitoka. Bi Saada alimdaka mtandio, mtandio ukabaki mkononi. Hajra akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, msafara mzima unamjia. Breki zikalia.

"Toka njiani, we mwanamke! Huu ni msiba!"

"Msiba ndio huu ninaouona!" Sauti yake ilipanda juu ya honi. "Mnamlilia au mnamfuata? Eh? Niambieni nani anafuata, nianze kumkatia sanda leo leo, mimi ni fundi! Wewe, unayesimama juu ya kiti, mkeo ana mimba, nimemshonea gauni mimi. Nimkatie na sanda yako? Nani kati yenu hajachokonoa helmeti yake? Anyooshe mkono. Mmoja tu!"

Hakuna aliyenyoosha. Honi moja ilikuwa bado inalia nyuma, nayo ikanyamaza.

Huzaifa alikuwa mbele. Alizima pikipiki, akashuka. Akageuka kuwatazama wenzake.

"Mimi nilichokonoa," akasema. "Yangu ndiyo iliyomuua. Zimeni. Tutasukuma."

Wakazima. Mmoja mmoja wakashuka, wakasukuma pikipiki kwa miguu juani hadi makaburini.

Siku nyingi zikapita bila simu. Ufuta ulipoanza kuvunwa, Huzaifa akaja nyumbani kwa kina Hajra kwa miguu, akasimama mlangoni pa chumba cha cherehani.

"Eustace hajambo?" Hajra alimuuliza bila kuinua macho.

"Nisamehe kwa hilo."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo, na kwa kukuvalia kama trafiki. Silvanus siwezi kumrudisha. Kama nikitembea kwa miguu maisha yote utanikubali, nitatembea."

"Nani kakwambia utembee? Nilikuzuia lini pikipiki, mimi? Lete wazee wako. Mahari nitayataja mwenyewe."

Wazee wakaja kutoka Ruponda, wakapewa chai. Shehe akauliza, kama ilivyo desturi, bibi harusi anataka mahari gani. Hajra akajibu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kusikika barazani.

"Helmeti nzima, isiyoguswa na kisu. Koti la kuendeshea la kweli. Glovu. Viatu vinavyofunika vidole. Vyote saizi ya Huzaifa."

Baba mdogo wa Huzaifa akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mahari ni haki ya mwanamke. Hivyo ni vitu vya mwanamume kujivalia!"

"Haki yangu ni mume, baba. Nikipewa vipande nitavifanyia nini?"

Shehe alikohoa akaficha mdomo kwa mkono. Mahari yakapita.

Siku ya ndoa yaliletwa kwenye sinia, yamefunikwa kanga mpya, wanawake wakipiga vigelegele na kuchekana. Masoudi, amevalishwa kanzu safi, akanyoosha mkono kabla ya wote. Akaichukua helmeti. Akaigeuza, akaingiza mkono, mkono ukagota. Akabonyeza kwa kidole gumba huku na huku, amekunja uso kama fundi.

"Hii imejaa," akasema.

Akamvua bwana harusi kofia yake ya kufuma, akamvisha helmeti, akamfunga mkanda vizuri chini ya kidevu. Watu wakapiga makofi. Masoudi akatazama huku na huku, akatazama sinia, akainua kanga kuona kama kuna kitu kingine chini yake.

"Na yangu?"

Vigelegele vikakatika. Bi Saada akageukia ukuta. Hajra, na hina yake mikononi na wanja machoni, akatoka nyuma ya pazia kabla hajaitwa, hasira zimemjaa, na hapakuwa na mtu wa kumpiga kofi. Akaingia chumba cha cherehani, akarudi na ile helmeti yake nyekundu. Akamvisha kaka yake, akamfunga mkanda.

"Yako hii hapa," akamwambia.

Masoudi akacheka. Alikaa nayo kichwani hadi pilau ilipokwisha.