Aliyeitwa Bila Kuagwa

Harufu ilianzia mezani, asubuhi, Wafaa akimmiminia mumewe chai. Ghalib alipofungua kinywa kushukuru, ukatoka uvundo wa dagaa waliolowa na kuoza. Naye alikuwa ametoka kupiga mswaki.

"Umekula nini?" Wafaa alinong'ona.

"Sijala kitu. Hata njaa sina."

Lakini taya zake zilikuwa zikitafuna.

Kwa miaka mingi Ghalib alikuwa kipenzi cha jukwaa hapa Jeddah, hasa kwa Wazanzibari wa mtaa wa Baghdadiya, kwa mchezo wake wa mganga anayeita jini. Maneno yale hakuyabuni, aliyarithi kwa bibi yake, na kila onyesho alilimaliza kwa kufukiza ubani na kumuaga aliyeitwa. Majumba ya sinema yalipofunguliwa tena nchini baada ya marufuku ya miaka mingi, watu wa filamu wa Riyadh wakamchukua kwenye filamu zao za mwanzo. Akarudi na kichwa kikubwa, na kinywa hicho.

Mambo yakazidi. Alitafuna akisali, alitafuna akizungumza kwenye simu, na alipotema sinkini yalitoka mate mazito ya kijani yenye nywele ndefu nyeupe, hata Wafaa, aliyekuwa akila naye sahani moja tangu arusi, akawa anakula jikoni peke yake, amempa mgongo, akijichukia kwa kinyaa kile na asiweze kukizuia, maana mto, taulo, hata kikombe alichokwisha kukisugua kwa ndimu, vyote vilinuka mumewe.

Akamwita Bi Badriya, shangazi yake Ghalib, aliyejua kupunga pepo.

"Huko Riyadh ulimwita?" Bi Badriya alimuuliza Ghalib kwa sauti ya chini.

"Nilimwita, shangazi. Tulirudia na kurudia mpaka mwongozaji akaridhika."

"Na kumuaga?"

"Walisema filamu imekuwa ndefu. Sehemu hiyo hatukuipiga."

"Mwanangu, umemwita mgeni kutwa nzima, kisha ukaenda zako. Ulitaka akae wapi?"

Akamfunika shuka, akamfukiza, akamsomesha maneno ya kuaga. Ghalib akatapika kwenye beseni donge la nywele na mafuta, nalo likawa linapumua. Bi Badriya akalimwagia chumvi, akalitupa chooni.

"Halas," alisema.

Siku ile Wafaa alikula sahani moja na mumewe, akalia kwa furaha.

Filamu ilipozinduliwa Riyadh, waliketi katikati ya ukumbi. Kwenye skrini, Ghalib akaita. Akaita tena. Uvundo ule ule ukamfikia Wafaa, akaziba pua, akamwinamia mumewe kumnusa. Kinywa kilikuwa safi, kikinukia karafuu.

"Si mimi," Ghalib alinong'ona, machozi yakimtoka.

Sauti ya filamu ikanyamaza. Gizani, mbele yao na nyuma yao, ukumbi mzima ulikuwa ukitafuna.