Sweta Kwenye Kamba

Haya yalimpata shoga yangu, anayepiga pasi kwa dobi, na mpaka leo ukimgusia anabadilisha mazungumzo. Kazini kwao kila nguo hutiwa uzi kwenye kola isije ikapotea. Yeye hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake hukaa kinyume na mafundo ya wenzake wote. Hata sweta la bintiye nyumbani kalitia uzi mwekundu, mazoea tu.

Jioni moja baada ya kazi, mwenzake akamwambia, "Simu ituchagulie nukta yoyote kwenye ramani, twende tukaione. Nyumba yako haikimbii."

Nukta ikawapeleka nyuma ya maghala, kwenye jengo ambalo halijamalizika. Ndani kulikuwa giza totoro, na sauti moja tu: pa, pa, pa, kama nguo inayopigwa na upepo. Upepo haukuwepo.

Mwenzake akamulika. Kulikuwa na kamba, na sweta dogo limeanikwa. Shoga yangu akalitoa, akageuza kola. Uzi mwekundu, fundo kinyume.

Akampigia mama yake, aliyebaki na mtoto nyumbani. "Mama, mtoto yuko wapi?"

"Si huyu hapa, namlisha."

"Amevaa nini?"

"Sweta lake, lile lenye uzi wako. Ila tangu muda si mrefu analalamika baridi, anatetemeka, sijui ana nini."

Shoga yangu akaliangalia lile la mkononi. Lilikuwa na joto, joto la nguo iliyovuliwa mwilini sasa hivi.